Siasa Msibani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kuhusisha Maafa ya Umma na Hoja za Kisiasa

Kila meli inapozama, bweni linapoungua au jengo linapoporomoka, maswali yaleyale hurudi: nani aruhusiwe kusema, aseme lini, na aseme nini bila kuwavunjia heshima waliokufa. Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya wanaharakati, viongozi wa vyama, waandishi wa habari, wasimamizi wa makundi ya WhatsApp na mwananchi yeyote anayetaka kusema ukweli bila kuongeza jeraha. Mifano imechukuliwa Tanzania na Kenya, kwa matukio yanayojulikana na wengi.

## Misingi

"Msifanye siasa kwenye msiba." Je, kauli hii ni sahihi?

Inategemea inakataza nini. Ikiwa inamkataza mtu kusimama penye jamvi la wafiwa na kuanza kunadi chama chake, ni sahihi, na mila zetu zilikuwa na kauli hiyo kabla ya vyama kuzaliwa. Ikiwa inamkataza mwananchi kuuliza kwa nini watu wamekufa, si sahihi hata kidogo.

Chukua kivuko cha MV Nyerere, kilichopinduka tarehe 20 Septemba 2018 kikiwa karibu kabisa kufika Bwisya, kisiwani Ukara, kikitokea Bugolora katika kisiwa cha Ukerewe. Uwezo wake ulikuwa abiria 101. Waliokufa peke yao walizidi 220. Hesabu hiyo haihitaji mpinzani wa kuikuza wala mwanachama wa chama tawala wa kuipunguza. Inauliza yenyewe nani aliwaruhusu watu wote wale kupanda, na nani alikuwa na wajibu wa kukagua. Kivuko kilikuwa cha serikali, chini ya wakala wa serikali, na Rais John Magufuli mwenyewe aliivunja bodi ya wakala huo siku chache tu baada ya ajali. Uamuzi ule ulikuwa wa kisiasa, na hakuna aliyesema kwamba Rais amekosa adabu.

Kwa hiyo, kabla ya kuitii kauli hii, tazama nani anayeitamka. Ikitoka kinywani mwa mfiwa, nyamaza. Ikitoka kwa mwenye dhamana ya kivuko, bweni au barabara husika, fahamu kwamba anaomba kusamehewa kwa jina la watu ambao hawawezi tena kumjibu.

Je, hakuna maafa ambayo ni mapenzi ya Mungu tu?

Yapo ambayo hayakuletwa na mtu. Tetemeko la ardhi lililoipiga Kagera tarehe 10 Septemba 2016 halikuwa na mwanasiasa nyuma yake. Hata hivyo, ubora wa nyumba zilizoanguka, kasi ya msaada na matumizi ya michango ni mambo ya watu, na watu huulizwa. (Kuhusu michango, tazama swali la rambirambi hapo chini.)

Mama aliyempoteza mwanawe anaposema kwamba kazi ya Mola haina makosa, anatafuta utulivu wa moyo wake, na si haki ya mtu yeyote kumsahihisha. Afisa anayesema maneno hayohayo mbele ya vipaza sauti, kabla uchunguzi haujaanza, anazungumzia ofisi yake. Maneno ni yale yale, lakini yule wa pili anastahili kuulizwa zaidi.

Nani mwenye haki ya kusema kwanza?

Msiba una wenyewe. Wafiwa ndio wa kwanza, kisha manusura, kisha waliookoa, ndipo wengine wafuate.

Niliwahi kukaa matanga katika kijiji cha kando ya Ziwa Victoria, kwa jirani aliyempoteza binti katika ajali ya mtumbwi. Siku ya pili alifika mtu aliyekuwa akitafuta ubunge, akiwa na vijana waliovaa fulana mpya na kipaza sauti cha kushika mkononi. Alizungumza vizuri kuhusu maboya na ukaguzi wa mitumbwi, na karibu kila alilosema lilikuwa kweli. Sisi tulikuwa nje kwenye maturubai, wanawake wakiwa ndani. Kupitia dirishani tulimsikia mama mfiwa, aliyekuwa ameketi mkekani na kanga ya bintiye mapajani, akiuliza taratibu: "Huyo anayemtaja ni nani? Mwanangu hakuitwa hivyo." Mgeni alikuwa amekosea jina la marehemu mara tatu. Wazee wawili wakanyanyuka, wakamshika mkono kwa upole, wakamwongoza mpaka kwenye gari lake.

Hoja yake ya maboya ilikuwa na haki ya kusikika, lakini hakuna aliyeitaja tena pale nyumbani, na naamini kijiji kizima kilipata hasara kwa sababu hiyo. Angekwenda kwanza kumpa pole yule mama na kumuuliza jina la mwanawe, huenda mama mwenyewe angekuwa wa kwanza kudai maboya.

## Wakati

Zipite siku ngapi kabla ya kuzungumzia sababu za kisiasa?

Hakuna idadi ya siku. Siku tatu za matanga, arobaini, au siku za maombolezo ya kitaifa (kwa MV Nyerere zilitangazwa nne, bendera zikipepea nusu mlingoti) ni muda wa kuomboleza, na hakuna sheria inayougeuza kuwa muda wa kufunga midomo. Kinachofaa zaidi ni kufuata hatua za msiba wenyewe: kuokoa walio hai, kutambua miili, kuzika, ndipo kudai majibu kwa mapana yake. Hatua hizo zinaweza kuchukua siku mbili au majuma matatu.

Kuna jambo moja ambalo halisubiri, nalo ni lawama inayoweza kuokoa maisha saa hiyohiyo. Usiku wa kwanza wa ajali ya Ukara, uokoaji ulisitishwa kwa sababu ya giza na kuendelea asubuhi iliyofuata. Aliyepaza sauti usiku ule kudai taa, wazamiaji na boti hakuwa akitafuta umaarufu. Siku mbili baada ya ajali, mtu mmoja alitolewa akiwa hai ndani ya kivuko kilichopinduka. Walioishi miaka ya MV Bukoba, iliyozama tarehe 21 Mei 1996 karibu na Mwanza, wanakumbuka jambo chungu zaidi: meli ilitobolewa ili watu watolewe ndani, hewa iliyokuwa imeishikilia juu ya maji ikatoka, ikazama pamoja nao. Swali la utaalamu wa uokoaji linapoulizwa uokoaji ukiendelea, mjibu wake wa haki ni mtendaji anayesahihisha kazi yake pale pale.

Maafa yakitokea katikati ya uchaguzi, vyama vifanyeje?

Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo, Dar es Salaam, na kuua watu zaidi ya 20. Kampeni za uchaguzi wa serikali za mitaa zilikuwa zianze tarehe 20 na kura zipigwe tarehe 27 mwezi huohuo. Chama chochote kingeona ugumu: kunyamaza kungeonekana kutojali, na kusema kungeonekana kuvuna kura kwenye kifusi.

Ushauri wangu ni kwamba chama kiseme, lakini kiache sare, bendera, nyimbo na picha za wagombea mbali na eneo la tukio, hospitali na makaburi. Hoja za usalama wa majengo, vibali vya ujenzi na ukaguzi zipelekwe kwenye mkutano wa kampeni, ambako mpiga kura amekuja kwa hiari yake kusikiliza sera, na mpinzani anaweza kuja kesho kujibu. Mfiwa hakuja kusikiliza sera.

## Ukweli na haraka

Je, ninaweza kutaja chanzo au mhusika kabla ya tume kutoa ripoti?

Unaweza kusema yanayojulikana, ukaeleza kwamba mengine yanadaiwa, na ukajizuia kabisa kuyatangaza yale unayoyadhani kana kwamba ni habari. Ugumu ni kwamba haraka ya kuyachanganya haya matatu haiwapati wapinzani peke yao.

Usiku wa tarehe 15 Juni 2014, na usiku uliofuata, washambuliaji waliua watu zaidi ya 60 katika mji wa Mpeketoni na vijiji jirani, Kaunti ya Lamu. Al-Shabaab walidai kuwa wao ndio waliofanya. Tarehe 17, Rais Uhuru Kenyatta alilihutubia taifa na kusema kwamba halikuwa shambulio la Al-Shabaab, bali kazi ya mitandao ya kisiasa ya mahali hapo. Wakati huo Kenya ilikuwa katika mvutano mkali kati ya serikali na upinzani, na Lamu ilikuwa na kidonda cha zamani cha ardhi kati ya wenyeji na waliohamia kutoka bara. Tafakari uzito wa kauli kama hiyo, kutoka kwa mtu mwenye jeshi, polisi na idara ya ujasusi, miili ikiwa bado haijazikwa yote. Jirani alianza kumtazama jirani kwa jina lake la ukoo. Nimezungumza na watu wa pwani ambao mpaka leo hawaihesabu hotuba ile kuwa rambirambi. Wanaihesabu kuwa sehemu ya msiba.

Ndiyo maana kipimo kimoja kiwahusu wote. Tunapomtaka mwanaharakati asubiri ushahidi kabla ya kuilaumu serikali, tuitake serikali nayo isubiri ushahidi kabla ya kuwalaumu wapinzani wake.

Na kama tume yenyewe haichapishi ripoti yake?

Basi kusubiri kumekwisha. Kumwambia mtu asubiri ripoti ni haki pale ripoti inapotarajiwa kusomwa na wananchi. Tume ikimaliza kazi na kitabu chake kikafungiwa kabatini, anayeuliza miaka mitano baadaye hana haja ya kuomba radhi kwa kuuliza.

Nitumie idadi gani ya waliokufa?

Tumia iliyotangazwa, ukitaja imetangazwa na nani na lini, na uwe tayari kuibadilisha. MV Spice Islander I ilizama karibu na Nungwi tarehe 10 Septemba 2011 ikiwa safarini kutoka Unguja kwenda Pemba. Miili iliyohesabiwa mwanzoni ilikuwa takriban 200. Tume iliyoundwa Zanzibar ilikuja kutaja watu zaidi ya 1,500 waliokufa au kutoweka. Waliosema mwanzoni kwamba idadi ni kubwa kuliko iliyotangazwa walikuwa na hoja. Hilo halimpi mtu ruhusa ya kubuni namba, maana namba ya kubuni humpa mwenye hatia nafasi ya kujadili hesabu badala ya kujadili meli. Lakini aliyesema, "Katika mtaa wetu tumewakosa watu kumi na wawili na hawamo katika orodha," alikuwa anatoa ushahidi, na alistahili kuandikwa.

Je, ni sawa kuhusisha maafa na kabila, dini au wakimbizi?

Hapana. Sera na taasisi hulaumiwa kwa kuwa zinaweza kujibu na kubadilika. Jamii nzima haina ofisi ya kupelekewa barua.

Baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa, tarehe 2 Aprili 2015, lililoua watu 148, wengi wao wanafunzi, haikupita wiki mbili kabla Naibu Rais William Ruto hajatoa miezi mitatu kambi ya wakimbizi ya Dadaab ihamishwe. Watu wa kambi ile wengi walikuwa wameikimbia vita ileile ya Al-Shabaab nchini Somalia. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba agizo la serikali la kuifunga kambi lilikwenda kinyume cha Katiba. Baada ya shambulio lile, maswali ambayo wazazi wa wanafunzi waliuliza, hasa kuhusu kuchelewa kwa kikosi maalumu cha polisi kutoka Nairobi, yalikuwa ya kisiasa na yalikuwa ya haki. Mjadala wa wakimbizi ulichukua nafasi yake.

## Waathirika, picha na fedha

Vipi kuhusu msiba wa kujitakia?

Methali inasema msiba wa kujitakia hauna kilio, na ilisemwa sana Agosti 2019, lori la mafuta lilipopinduka na kulipuka Msamvu, Morogoro, likaua watu zaidi ya 100, wengi wao wakiwa wamekwenda kuchota petroli. Ilisemwa pia Kenya mwaka 2009, baada ya moto wa lori la mafuta huko Sachangwan. Naiheshimu methali, lakini hapa imetumika vibaya.

Anayewaita marehemu wezi naye anafanya siasa: anahamisha swali kutoka kwa barabara, polisi, zimamoto na umaskini, akalitupa kwa mtu aliyekufa na dumu la lita tano mkononi. Yawezekana kusema yote mawili kwa heshima, kwamba kuchota mafuta yaliyomwagika ni hatari isiyopaswa kujaribiwa, na kwamba mtu anayeihatarisha roho yake kwa lita tano anatueleza jambo kuhusu bei ya maisha yake. La kwanza lifundishwe shuleni na kwenye vijiwe vya bodaboda. La pili lipelekwe bungeni. Matangani pasemwe pole tu.

Je, picha za miili zinaweza kutumika kuamsha dhamiri?

Si bila ruhusa ya familia. Picha za wanafunzi waliouawa Garissa zilisambaa katika simu kabla wazazi wengi hawajafika Nairobi kutambua miili. Hakuna hoja inayostahili kumfikia mzazi kwa njia hiyo. Waliofanya vizuri zaidi walikuwa vijana waliokusanya majina na picha za wanafunzi wakiwa hai, wakitabasamu, wamevaa nguo zao za Jumapili, na kuzisambaza wakisisitiza kwamba hawa si namba. Kampeni ile ilikuwa ya kisiasa waziwazi. Iliwarudishia marehemu nyuso zao.

Mwanasiasa akitoa rambirambi, je, anafanya siasa?

Akitoa kimya, au akaitangaza kama wengine wanavyotangaza, hana kosa. Matatizo huanza pale rambirambi inapogeuzwa kuwa uwanja wa kupimana nguvu. Tarehe 6 Mei 2017 basi la shule ya Lucky Vincent ya Arusha lilitumbukia korongoni Rhotia, wilayani Karatu, na kuua wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Siku chache baadaye, Meya wa Jiji la Arusha, aliyekuwa wa chama cha upinzani, alikwenda shuleni pamoja na viongozi wa dini na waandishi wa habari kupeleka rambirambi, na polisi wakawakamata. Hapo kabla kulishakuwa na ubishi kuhusu michango inapitia wapi. Wazazi waliokuwa wamezika watoto juma lililotangulia walilazimika kusoma magazeti ya ugomvi uliobeba jina la shule ya watoto wao.

Kwa upande mwingine, kuuliza michango imetumikaje hakuna kasoro yoyote. Baada ya tetemeko la Kagera, maafisa waliondolewa kazini kwa tuhuma za kufungua akaunti yenye jina linalofanana na ile ya maafa, na waathirika walilalamika kuona fedha zikielekezwa kwenye miundombinu ya umma wakati wao wakilala chini ya maturubai. Serikali ilikuwa na hoja yake na waathirika walikuwa na yao. Ubishi wa namna hiyo ukifanywa kwa stakabadhi na mezani, unawalinda wafiwa wa msiba ujao.

## Kuwajibika

Je, kudai waziri ajiuzulu wakati wa maombolezo ni kukosa adabu?

Si kukosa adabu, na historia yetu inasema hivyo. Mwaka 1977 Ali Hassan Mwinyi alijiuzulu uwaziri wa mambo ya ndani kwa sababu ya watuhumiwa waliokufa mikononi mwa vyombo vya dola huko Shinyanga, ingawa hakuna aliyedai kwamba yeye alimgusa mtu. Miaka minane baadaye akawa Rais. Julai 2012, siku chache baada ya MV Skagit kuzama ikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja, Hamad Masoud Hamad alijiuzulu uwaziri wa miundombinu na mawasiliano wa Zanzibar. Kuwajibika kwa namna hiyo hakukuwa kukiri kosa la jinai. Kulikuwa njia ya kiongozi ya kuja msibani.

Anayedai ajiuzulu mtu ataje dhamana ya ofisi, asitukane mtu. Na awe tayari kudai vivyo hivyo maafa yatakapotokea katika halmashauri inayoongozwa na chama chake.

## Hali ngumu

Wafiwa wamegawanyika: wengine wanataka maandamano, wengine wanataka kuachwa. Tumsikilize nani?

Wote. Familia inayotaka ukimya isitajwe, mpendwa wao asiwekwe kwenye bango. Familia inayotaka kusema ipewe kipaza sauti na isisahihishwe lugha. Kosa ni kuichukua sauti ya familia moja na kuiita sauti ya wafiwa, na serikali hulifanya kosa hilo mara nyingi kama wanaharakati.

Na kama kifo chenyewe kimetokana na siasa, kwa mfano risasi kwenye maandamano?

Hapo kusema "tusiingize siasa" hakuna maana, kwa sababu siasa ndiyo iliyoua. Yanayobaki ni yale ya majibu yaliyotangulia kuhusu picha, majina na ushahidi. Jambo la kuongeza ni moja. Februari 2018 mwanafunzi wa chuo alipigwa risasi jijini Dar es Salaam akiwa abiria ndani ya daladala, polisi wakiwatawanya wafuasi wa chama cha upinzani. Hakuwa mwandamanaji. Mtu kama huyo asiandikishwe uanachama baada ya kufa. Semeni ukweli wake: alikuwa safarini.

Nilisambaza lawama ambayo imethibitika si kweli. Nifanyeje?

Sahihisha mahali palepale uliposambaza, kwa uwazi uleule, ukimtaja uliyemlaumu. Kufuta kimya hakutoshi, maana ujumbe umeshapita katika makundi mengine. Ikiwa uliyemlaumu ni mfiwa au manusura, kama vile nahodha aliyenusurika au mlinzi wa bweni, mpelekee mtu mzima anayeheshimika akuombee radhi ana kwa ana kabla hujaandika chochote.

Je, baada ya miaka mingi tunaweza kutumia kumbukumbu ya mwaka kudai mabadiliko?

Ndiyo, na mara nyingi huo ndio wakati unaofaa zaidi. Kila tarehe 21 Mei watu hukumbuka MV Bukoba, na pale makaburi ya Igoma, Mwanza, wamelala wengi ambao hawakutambuliwa. Kati ya ajali ile na ya Ukara ilipita miaka 22, katika ziwa lilelile, na sababu ya kujaza watu kupita uwezo ikatajwa mara zote mbili. Anayesimama Igoma na kuuliza kuhusu maboya, vyeti vya ukaguzi na orodha za abiria za vivuko vya leo haharibu kumbukumbu. Awaombe tu ndugu waliofika na maua yao watangulie kuyaweka, kisha aulize.